Kiwanja Kwanza, Mashine Baadaye
Mazungumzo kwa wakazi wa kata kuhusu uchaguzi na utunzaji wa mashine za kukatia nyasi



Mvua za masika, ambazo jijini Dar es Salaam hunyesha kati ya Machi na Mei, huacha nyuma yake tope na nyasi. Tope hukauka lenyewe, lakini nyasi hungoja mkono wa mtu. Kufikia Juni, viwanja vya shule, kando za mifereji, maeneo ya makaburi na maeneo ya wazi yaliyo kati ya Kariakoo na Bonde la Msimbazi huwa yamefunikwa na majani yafikayo magotini, na mahali pengine kiunoni. Ndani ya majani hayo hujificha nyoka, vipande vya chupa, nondo zilizosahauliwa na mashimo ambayo mtoto anayekimbilia mpira hawezi kuyaona.

Kwa miaka mingi kazi ya kuyaondoa majani hayo imefanywa kwa fyekeo. Fyekeo halihitaji petroli wala fundi, na kazi yake haijaisha. Hata hivyo, vikundi vinavyofanya kazi za usafi hujiuliza kama imefika wakati wa kununua mashine ya kukalia, yaani ile ambayo dereva huketi juu yake na kuiendesha kama trekta dogo. Swali hilo ni la haki, na ni la gharama. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi kikikopa kwa ajili ya mashine, na mashine ikafa katika mwaka wake wa kwanza, deni halifi pamoja nayo.

Kwa sababu hiyo mazungumzo haya yana neno moja kuu: ardhi ndiyo ichaguayo mashine. Anayekwenda dukani kabla ya kuikagua ardhi yake huchaguliwa na muuzaji.

Asili ya mashine hii

Mashine ya kwanza ya kukatia nyasi ilibuniwa mwaka 1830 na Mwingereza Edwin Budding, katika jimbo la Gloucestershire. Wazo lake alilitoa kiwandani, kwenye mashine iliyokuwa ikinyoa manyoya ya juu ya kitambaa cha sufu ili kitambaa kiwe laini. Budding aliona kwamba kinachonyoa kitambaa kinaweza kunyoa bustani.

Habari hiyo ya kale ina faida kwa mnunuzi wa leo. Mashine ya kukatia nyasi ilizaliwa kwa ajili ya uso ulionyooka kama kitambaa, na mashine nyingi za kukalia zinazouzwa duniani bado ni za ukoo huo. Zimetengenezwa kwa ajili ya bustani ya nyumbani, penye ukoka mfupi unaokatwa kila wiki. Zikipelekwa kwenye kiwanja chenye mawe, visiki na makorongo, visu hupinda, mikanda hukatika na beringi hulia kabla ya msimu kwisha. Hapo kosa si la mashine, kwa kuwa imepewa kazi ambayo haikuumbiwa.

Kuijua ardhi

Maeneo ya katikati ya jiji hayafanani. Viwanja vya Mnazi Mmoja, vilivyoachwa wazi tangu enzi za ukoloni baina ya Kariakoo na mitaa ya upande wa bandari, ni tambarare. Jangwani nako ni tambarare kwa macho, lakini Mto Msimbazi ukifurika huacha mchanga, mifuko ya plastiki, nyaya na vipande vya tairi, na hivyo vyote hufunikwa na nyasi mpya baada ya wiki chache. Kiwanja cha shule kwa kawaida kina mizizi ya miembe iliyojitokeza juu na mabaki ya misingi ya majengo ya zamani. Kando ya mfereji kuna mteremko. Kwa hiyo, kabla ya fedha yoyote kutolewa, kikundi hakina budi kutembea kiwanjani na kujibu maswali manne.

La kwanza ni ukubwa. Kiwanja cha mpira chenye urefu wa mita 105 na upana wa mita 68 kina mita za mraba 7,140. Mashine ya kukalia yenye upana wa kukata wa sentimita 107, ikienda mwendo wa kilomita 5 kwa saa, ingekata mita za mraba 5,350 kwa saa kama isingegeuka wala kurudia mstari. Kwa kuwa hugeuka na kurudia, ni busara kukadiria 4,000, yaani karibu ekari moja. Kiwanja hicho basi kitamalizwa kwa muda usiofika saa mbili. Lakini kama kazi zote za kikundi ni nyua ndogo zenye miti mingi, mashine hiyo itatumia muda mwingi kugeuka kuliko kukata, na mashine ya kubebwa begani itatosha.

La pili ni vizuizi: mawe, visiki, mizizi, nyaya na mashimo. Vihesabiwe, na viandikwe.

La tatu ni mteremko. Watengenezaji wengi wa mashine za kukalia huweka mwisho wa mteremko salama kuwa nyuzi 15. Fundi mwashi yeyote anaweza kuupima. Huchukua ubao ulionyooka wa mita moja, huweka ncha moja chini upande wa juu wa mteremko, huusawazisha kwa pima maji, kisha hupima nafasi iliyopo kati ya ncha ya pili na ardhi. Nafasi hiyo ikizidi sentimita 27, mteremko umepita nyuzi 15, na mashine ya kukalia haifai kupanda hapo. Ukingo huo uachiwe fyekeo au mashine ya begani.

La nne ni maji. Ardhi inayobaki tepetepe hata wiki mbili baada ya mvua humeza magurudumu ya mashine nzito. Tena, mashine iliyonasa na kulazimishwa kwa gia hujichosha ndani, mahali ambapo jicho halioni.

Aina za mashine

Baada ya maswali hayo, uchaguzi huwa mwepesi. Mashine ya kubebwa begani hufaa mahali penye mteremko, miti mingi na majani marefu yasiyopata kukatwa kwa miezi. Bei yake ni nafuu na mafundi wake ni wengi, ila humchosha mbebaji, na hurusha mawe.

Mashine ya kukalia ya bustani hutambulika kwa chuma chembamba kinachofunika visu, magurudumu madogo ya mbele na tumbo lililo karibu na ardhi. Iko pia aina isiyo na usukani, inayoongozwa kwa vishikio viwili na kugeuka papo hapo. Hiyo ina kasi kubwa kwenye tambarare, lakini magurudumu yake ya mbele yanayozunguka huru huzama kwenye mchanga, na kwenye mteremko uongozi wake hupungua nguvu.

Mashine ya kukalia ya ardhi korofi ina alama zake. Chuma kinachofunika visu ni kinene na kimeungwa kwa kuchomelewa, si bati lililokandamizwa. Ekseli ya mbele huchezacheza juu na chini ili magurudumu yote manne yakanyage hata penye bonde. Matairi yake ni mapana na yana meno. Baadhi zina kifungio cha difu, ambacho huyafanya magurudumu ya nyuma yazunguke pamoja moja linapoteleza. Urefu wa kukata hupandishwa juu kwa urahisi.

Mwisho kuna trekta dogo linalokokota fyekeo la mashine nyuma yake. Visu vya fyekeo hilo kwa kawaida havikukazwa moja kwa moja, bali huning'inia kwenye pini. Vikigonga jiwe hurudi nyuma badala ya kuvunjika. Kwa eneo kubwa lenye vichaka, hicho ndicho chombo cha kweli. Gharama yake huzidi uwezo wa kikundi kimoja, lakini mitaa kadhaa inaweza kuchangia kukodi kwa siku mbili au tatu za kufungua kiwanja, na mashine ndogo zikaendeleza kazi baada ya hapo.

Dukani

Mkazi wa katikati ya jiji ana bahati ambayo wengi mikoani hawana: maduka ya pembejeo na zana yanayozunguka Soko la Kariakoo, pamoja na mafundi na wauza vipuri wa Gerezani, wako umbali wa kutembea kwa miguu. Bahati hiyo itumike kwa utaratibu.

Vipuri viulizwe kabla ya mashine. Mnunuzi atake kuoneshwa kwa macho kisu, mkanda, chujio la hewa na plagi za mashine ileile anayoitaka. Mashine ambayo kisu chake huagizwa kutoka nje ya nchi itasimama kwa miezi kwa sababu ya jiwe moja. Nguvu za injini zilizoandikwa ubavuni zisimshangaze mtu. Injini kubwa juu ya chuma chembamba huharakisha tu kuharibika kwake.

Mashine iwashwe ikiwa ya baridi, kwa sababu iliyokwisha kupashwa moto huficha uvivu wake. Dereva akae, awashe visu, kisha ajiinue kidogo kitini: visu au injini havina budi kuzimika vyenyewe. Kinga hiyo isipofanya kazi, au ikiwa imeunganishwa waya ili isifanye kazi, mnunuzi aondoke.

Kwa mashine iliyotumika, mita ya saa isomwe, ingawa isiaminiwe peke yake. Moshi wa rangi ya samawati maana yake injini inachoma oili. Injini ikiwa imezimwa na waya wa plagi umechomolewa, fundi aliyevaa glovu nzito ashike kisu na kukitikisa: kikicheza juu na chini, beringi za mhimili wake zimekwisha. Sehemu ya chini ya chuma kinachofunika visu nayo ikaguliwe, kwa maana hapo ndipo kutu huanzia, na upepo wa bahari wa jiji hili huilisha.

Malipo yafuatwe na risiti ya EFD na dhamana iliyoandikwa, yenye muda na mambo inayoyahusu. Bidhaa bandia ni suala la Tume ya Ushindani, na ubora wa bidhaa ni suala la Shirika la Viwango Tanzania. Lakini mlalamikaji asiye na risiti huwa na maneno matupu.

Kukiandaa kiwanja

Mashine iliyochaguliwa vema bado hushindwa na kiwanja kisichoandaliwa. Mara ya kwanza baada ya masika, majani marefu yafyekwe kwanza kwa mkono au kwa mashine ya begani. Kisha watu wajipange mstari mmoja, hatua mbili baina ya mtu na mtu, watembee kutoka upande mmoja hadi mwingine wakiokota mawe, chupa na nyaya. Mashimo yajazwe udongo na kushindiliwa. Kisiki kisichong'oka kiwekewe mti wenye kitambaa chekundu.

Ndipo mashine iingie, visu vikiwa vimepandishwa juu kabisa. Baada ya siku chache irudi na kushuka kidogo. Kanuni ya watunza bustani ni kutokata zaidi ya theluthi moja ya urefu wa nyasi kwa mara moja. Ukoka unaokatwa hivyo hutambaa na kuufunga udongo, na mwaka hadi mwaka kiwanja huwa laini zaidi. Kinachokwanguliwa hadi udongo huacha vumbi, na vumbi huua injini.

Utunzaji

Kila siku kabla ya kazi, oili ipimwe mashine ikiwa mahali pa usawa, upepo wa matairi ulinganishwe pande zote, nati za visu zikaguliwe, na nyasi zilizoziba mapezi ya kupoozea injini ziondolewe. Tairi moja likipungua upepo, mashine hukata upande, na wengi huita fundi kwa kasoro ambayo pampu ingeitibu.

Oili ya injini mpya kwa kawaida humwagwa baada ya saa chache za mwanzo, mara nyingi saa 5, kisha kila baada ya saa 50. Kitabu cha mashine ndicho chenye neno la mwisho. Penye mchanga mwingi muda huo ufupishwe. Chujio la hewa la sponji huoshwa kwa maji na sabuni, hukaushwa, hutiwa oili kidogo na kukamuliwa. Lile la karatasi halioshwi. Likichafuka sana hubadilishwa. Mashine za begani zenye injini ya mipigo miwili hutumia petroli iliyochanganywa na oili kwa kipimo cha mtengenezaji, lakini mashine ya kukalia yenye injini ya mipigo minne huwekewa petroli tupu. Madumu ya vikundi yaandikwe kwa rangi, kwa kuwa dumu lililokosewa huua injini.

Kisu butu hakikati, bali hurarua, na nyasi zilizoraruliwa hugeuka rangi ya kahawia nchani. Kinolewe kwa tupa kwa kufuata mwinamo wake wa awali, kisha kitundikwe kwenye msumari kwa tundu lake la katikati. Upande unaozama una uzito zaidi na upunguzwe. Kisu kisicho na mizani hutetemesha mhimili hadi beringi zife. Kisu kilichopinda hakinyooshwi kwa nyundo, hutupwa.

Baada ya kazi, uchafu ulioganda chini ya mashine ukwanguliwe injini ikiwa imezimwa na waya wa plagi umechomolewa. Mashine ikikaa bila kazi zaidi ya siku 30, petroli iondolewe, maana huchacha na kuziba kabureta. Wakati wa kiangazi chuma kipakwe oili na betri itunzwe ikiwa na chaji.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kila mashine iwe na daftari lake: tarehe, saa ilizofanya kazi, petroli, matengenezo na jina la dereva. Hesabu ya bei nayo itoke humo. Kwa mfano tu, mashine ikinunuliwa kwa shilingi 10,000,000 na kutarajiwa kufanya kazi saa 1,000, kila saa inakula shilingi 10,000 za mashine yenyewe kabla ya petroli, visu na ujira. Kikundi kinachotoza chini ya hapo kinauza mashine yake kidogokidogo bila kujua. Fedha hizo ziwekwe benki kila wiki, ili mashine ya kwanza izae ya pili.

Usalama

Ncha ya kisu cha mashine hizi hukimbia kwa kasi inayoweza kuzidi kilomita 300 kwa saa. Jiwe linaloguswa na kisu hicho haliruki kama linalotupwa na mtoto. Huruka kama risasi. Ndiyo maana Marekani tangu mwaka 1982 huzitaka mashine za kusukuma zisimamishe kisu ndani ya sekunde 3 mara tu mkono unapoachia kishikio.

Hapa jijini uwanja haukosi wapita njia. Dereva avae viatu vigumu, miwani ya kinga na vizibo vya masikio. Mtu asiyehusika akae angalau mita 15 kutoka kwa mashine ya begani inayofanya kazi. Mdomo unaotoa nyasi usielekezwe barabarani, madarasani wala kwenye vibanda vya wafanyabiashara. Shuleni kazi ifanywe wanafunzi wakiwa hawapo, na kamwe si wakati wa mapumziko. Mtoto asipakatwe juu ya mashine hata kwa hatua kumi. Dereva asirudi nyuma kabla ya kugeuza kichwa na kutazama chini, kwa sababu mtoto mdogo huwa amesimama mahali ambapo kioo hakifiki. Kwenye mteremko, mashine ya kukalia hupanda na kushuka moja kwa moja. Haikatizi ubavu, isije ikapinduka. Mafunzo ya udereva na ufundi wa zana yanapatikana katika vyuo vya VETA, na kikundi chenye madereva wawili waliofunzwa ni bora kuliko chenye kumi waliojifunza kwa kutazama.

Hatua inayofuata

Mradi wa Uendelezaji wa Bonde la Msimbazi unakusudia, pamoja na kudhibiti mafuriko, kuyapa maeneo ya chini ya bonde hilo bustani ya jiji. Nyasi hizo zitahitaji mikono, na vikundi vya kata za jirani ndivyo vilivyo karibu. Vitakavyokuwa tayari ni vile vyenye daftari, madereva waliofunzwa na mashine iliyo hai.

Kwa sasa hatua ya kwanza haihitaji fedha. Kila kikundi kinachotaka mashine kitembee katika viwanja vyake kikiwa na karatasi, futi ya kupimia na pima maji. Kichore ukubwa, kihesabu mawe na visiki, kipime miteremko, na kiandike wapi maji hutuama. Mchoro huo upelekwe kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata pamoja na maombi ya mkopo. Afisa atakayeuona ataelewa kwa nini kikundi kimoja kinaomba mashine ya kukalia na kingine kinaomba mashine tatu za begani. Na iwapo mchoro utaonesha kwamba fyekeo sita mpya na toroli mbili zinatosha, kikundi hicho nacho kitakuwa kimepata jibu sahihi, tena bila deni.